Chachu Ndani ya Kibuyu cha Maziwa

Kazi yangu ni kunusa na kutema. Kila asubuhi, katika chumba cha kuonjea cha kiwanda cha chai, vikombe vyeupe hupangwa mezani kwa mstari mrefu, nami hupita na kijiko nikivuta chai mdomoni kwa kelele ambayo utotoni ingenipatia kofi, nikiizungusha ulimini, kisha nikiitema kwenye ndoo. Kwa kunusa tu naweza kukuambia kwamba majani haya yalikaa sana kwenye gunia, haya yalipigwa na jua barabarani, na haya yaliharakishwa kwa sababu kuna mtu wa zamu alitaka kwenda nyumbani. Ningependa kusema kwamba sijivuni kwa hilo, lakini ningekuwa nadanganya.

Pua hii niliirithi kwa mama yangu, na yake ni kali kuliko yangu. Mama anaishi mbele kidogo ya Litein, kwenye mteremko wenye chai juu na ng'ombe watatu chini. Akiinamia ndoo ya maziwa anajua ni ng'ombe gani aliyeruka ua na amekula jani gani. Mchukuzi wa maziwa akisuuza mkebe kwa maji baridi badala ya moto, mama atajua kesho yake, na atamwambia mbele ya watu. Mimi nilisomeshwa kunusa, nikapewa na cheti. Yeye hajasomeshwa na mtu, na bado nikiwa naye jikoni najihisi mwanafunzi.

Lakini pua yake ilipata mafunzo mengine ambayo sikuyatamani. Baba alikuwa karani katika kituo cha kununulia majani, mtu mpole mwenye mwandiko mzuri, mpaka pombe kali ya chang'aa ilipomchukua. Upepo ukitoka upande wa barabara, mama alimjua kabla hajafika langoni. Angeinua kichwa kutoka kwenye jiko, anuse, kisha atuambie kama tunabaki au tunakwenda kwa nyanya ng'ambo ya mto. Hakukosea hata mara moja. Harufu ile ilikuwa imeingia kwenye koti lake, kwenye blanketi, hata kwenye kitambaa cha kiti alichopenda kukalia, na baada ya mazishi ya baba, mama alivichoma vyote nyuma ya nyumba. Siku hiyo hiyo, moto ukiwa bado unawaka, aliniomba jambo moja tu: pombe isiingie nyumbani mwangu kamwe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikamwambia haitaingia.

Sasa niseme ilivyoingia.

Pale maabara ya kiwanda nina mwenzangu, mtu wa upande wa ziwa, aliyezaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai na anayezungumza Kikipsigis vizuri kuliko watoto wa dada zangu. Ni mtu wa kushikwa na mambo. Mwaka mmoja alishikwa na nyuki, mwaka mwingine akashikwa na kutengeneza jibini, na kisha akashikwa na bia za Kijerumani. Alikuwa akisoma kwenye simu wakati wa chakula cha mchana, akinieleza jinsi Wajerumani walivyo na bia ya ngano yenye harufu ya ndizi, na kwamba hakuna ndizi hata moja inayotiwa ndani. Nilimwambia huo ni uongo wa intaneti.

"Madam," akasema, "mimi niko na sufuria, niko na thamometa, niko na simu. Kitu sina ni pua. Wewe kuja tu unuse."

Ningekataa. Badala yake nilijipigia hesabu ya kijanja: mimi huitema chai, basi nitaitema na bia, na pombe niliyoitema haijaingia popote. Nawaambia wanaojiona werevu kwamba hivi ndivyo werevu unavyoanza kumfanya mtu mjinga.

Jaribio la kwanza tulilifanya nyumbani kwake. Ngano aliifuata mwenyewe Mulot, akailoweka, akaiacha ichipue kwenye magunia, akaianika juu ya mabati mpaka ikawa kimea. Kimea cha shayiri na maua machungu ya hopsi aliagiza Nairobi. Tulichemsha sufuria moja kubwa, tukapoza yale maji matamu, tukayagawa katika mitungi minne ya kioo. Kila kitu kilikuwa sawa kasoro chachu. Mtungi wa kwanza tuliutia hamira ya mkate kutoka dukani. Wa pili ulipata chachu ya bia ya baridi, ile inayofanya kazi polepole. Wa tatu ulipata chachu ya bia nyepesi ya mji fulani wa Kijerumani ulio kando ya mto, na wa nne chachu ya bia ya ngano.

Nilikuja kuinusa kila jioni nikitoka kazini, na wiki hiyo niligundua kwamba miaka yote nilikuwa nimeiwekea chai peke yake pua yangu bila sababu. Hamira ya mkate ilipanda kwa fujo, ikamwaga povu sakafuni, na mwisho wake ikanukia mandazi yaliyosahauliwa ndani ya karatasi. Ya bia ya baridi tuliiweka ndani ya karai la maji kwenye sakafu ya saruji. Ulikuwa mwezi wa saba, na Kericho ya mwezi wa saba haihitaji friji. Siku ya nne ilinuka mayai mabovu, mwenzangu akataka kuimwaga, nikamzuia. Baada ya wiki chache mayai yalikuwa yameondoka yenyewe na bia ilikuwa safi, haina la kuficha. Ya mji wa mtoni ilikuwa na harufu ya tofaa kwa mbali, ya adabu, kama mgeni anayekaa ukingoni mwa kiti.

Ile ya nne ilinimaliza. Nilifungua kifuniko nikakutana na ndizi mbivu, na nyuma ya ndizi, karafuu. Nikamtazama mwenzangu kama mtu aliyenichezea mchezo. Akaapa kwa mama yake kwamba hajatia kitu. Tukaijaribu tena, mtungi mmoja karibu na jiko na mwingine kwenye baridi. Wa jikoni ulijaa ndizi, wa baridi ukasogeza ndizi nyuma ukaleta karafuu mbele. Chachu ni ile ile. Nilikaa kwenye kigoda chake nikaduwaa. Viumbe usivyoweza kuviona kwa macho vinakula sukari ya ngano ya Mulot na kukurudishia karafuu, na vinajua hata kama chumba kina joto au la. Niliviheshimu, na sioni haya kusema hivyo.

Basi tukaichagua hiyo. Na kwa sababu kuagiza pakiti mpya kila mara kulikuwa na usumbufu, tukaanza kuhifadhi mashapo. Bia ikiisha kuchachuka, chachu hutulia chini kama uji mzito, na uji huo ukiutia kwenye pishi jipya, unaamka na kufanya kazi tena. Kwa kila pishi chachu ilibadilika kidogo. Kufika la nne, ndizi ilikuwa imepungua makelele, karafuu imebaki, na kuna kitu kipya kama ganda la mkate wa moto ambacho pakiti ya kwanza haikuwa nacho. Hakuna Mjerumani aliyekuwa na chachu ile. Ilikuwa yetu, ya baridi hii na maji haya.

Mke wa mwenzangu ndiye aliyesema kwamba friji yake imechoka kuwekwa vitu vilivyooza, na hapo ndipo pombe ilipoingia nyumbani mwangu, kwa mlango wa friji. Haikukaa. Mwenzangu alikuwa amekaza kifuniko cha mtungi kwa nguvu zake zote, na chachu, ambayo inapumua hata ikiwa imelala, ikaupasua mtungi juu ya sukuma wiki yangu. Tuliokoa kikombe kimoja. Nikahitaji chombo kinachofunikwa lakini kinachoachia pumzi, na chombo ambacho mgeni akikiona hataniuliza swali. Juu ya rafu ya jikoni kulikuwa na kibuyu kidogo alichonipa mama nilipohamia nyumba hii, chenye kifuniko cha ngozi. Sikuwa nimekitumia hata siku moja, maana mursik, maziwa ya kuganda ya kibuyuni, ninayokunywa hutoka kwake. Nikamimina chachu humo, nikajisifu. Nyumba gani ya Kipsigis haina kibuyu?

Ni ujinga ambao ni sisi tu tunaweza kuufanya. Ningeificha ndani ya kopo la rangi, ingekuwa salama. Kumficha mama yangu kitu ndani ya kibuyu ni sawa na kumficha karani kitu ndani ya daftari lake mwenyewe.

Mama alikuja Jumanne, kwa ajili ya goti lililokuwa likimsumbua, akae nami juma moja akienda kliniki. Nilikuwa nimehamishia kwa mwenzangu kila kitu kilichokuwa kimejikusanya kwangu: mitungi, mirija, mfuko wa hopsi. Kibuyu nilikiacha. Mimi nilikwenda kazini kila asubuhi, nikarudi kila jioni, tukala, tukaomba, tukalala, na hakusema neno. Kibuyu kilikuwa palepale kwenye rafu, na mimi sikukigusa ili nisimfanye akitazame.

Jumamosi ilikuwa siku ya kupika bia. Mwenzangu alianza mapema, na saa saba alinitumia ujumbe kwamba maji ya ngano yamepoa, yanangoja chachu. Nikatoka kazini moja kwa moja mpaka nyumbani. Mama alikuwa amekaa jikoni akimenya viazi. Nikajitia kutafuta kijiko huku mkono wangu ukienda kwenye rafu. Kabla hata sijafungua kifuniko nilijua. Kibuyu kilinuka moshi wa senetwet, ule mti ambao kaa lake ndilo husuguliwa ndani ya kibuyu mpaka ukuta wake uwe mweusi. Nikafungua. Maziwa meupe yaliyochemshwa, yamewekwa vizuri, yameanza kuganda.

"Nilikuoshea kibuyu," mama akasema bila kuinua macho. "Kilikuwa kimeharibika."

Mapishi manne. Karibu mwaka mzima wa kunusa, kupoza, kupasha moto, kungoja. Hasira ilinipanda ikafika mdomoni kabla ya akili.

"Mama, ile haikuwa maziwa."

Nilitamani kuyarudisha maneno hayo palepale. Kisu chake kiliendelea kuzunguka kiazi, ganda likashuka likiwa moja, refu, mpaka likaisha. Mkoba wake ulikuwa kwenye kiti karibu na mlango, naye ni mtu wa kuondoka bila kelele. Aliwahi kuondoka kwa dada yangu hivyo, kwa jambo dogo kuliko hili, na ilichukua misimu miwili ya mvua kumrudisha. Nikasimama nimekumbatia kibuyu kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Niliogopa, na sikuogopa kukemewa. Niliogopa kwamba hatakemea.

"Najua," akasema. Tunazungumza Kikipsigis mimi na yeye, naandika tu kwa Kiswahili. "Nyanya yako alipika maiywek kabla hajaokoka, pombe ya wimbi na mahindi, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa kuangalia kama chungu kimeanza kupumua. Unafikiri nitafungua kibuyu nisijue kilicho ndani?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema siku ile ile.

"Kibuyu nilikupa uweke maziwa," akasema. "Ukitaka kunidanganya, tafuta chombo kingine."

Kisha akainuka, akishika meza kwa ajili ya lile goti, akaenda chumba cha wageni alikokuwa akilala. Nilidhani anakwenda kukunja nguo zake. Alirudi na kikombe cha bati kilichofunikwa kwa kisahani, akakiweka mbele yangu.

Hapa inabidi nieleze tabia yake moja niliyoijua tangu utotoni na ambayo nilikuwa nimeisahau. Mama hamwagi maziwa yaliyoharibika papo hapo. Huweka kidogo kwenye kikombe, hukifunika, hukiweka dirishani, na hukinusa kwa siku kadhaa mpaka ajue yameharibika kwa nini, kama ni majani, mkebe, au mkono wa mkamuaji. Wengine hutupa na kulaumu. Yeye hungoja apate jibu. Kikombe hiki alikuwa amekifanyia vivyo hivyo.

Nikainua kisahani. Ndani kulikuwa na uji wa rangi ya krimu, na juu yake povu jipya. Povu, baada ya siku nne.

"Ilikuwa na njaa," akasema. "Nimeipa kijiko cha sukari na maji ya vuguvugu kila asubuhi."

Mwanamke aliyechoma vitu vya nyumba yake kwa sababu ya pombe alikuwa ameamka kila siku juma lile, katika nyumba ya binti aliyemvunjia ahadi, akailisha chachu. Yeye akakaa, akachukua kiazi kingine, halafu akakiweka chini.

"Nilikuwa sijaamua kama nitaimwaga. Nikasema ninuse kwanza. Nimenusa asubuhi na jioni, namtafuta baba yako."

Akakisogeza kikombe karibu yangu.

"Hayumo."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kama nilivyopaswa kulia siku ya ule moto nyuma ya nyumba. Mama aliniacha nimalize. Kisha akasema, polepole, kwamba siku atakayompata ndani ya nyumba hii, iwe kwenye mtungi, iwe kwenye nguo zangu, iwe kwenye pumzi yangu, atachukua mkoba wake na sitamwona tena kwangu. Nikamwambia nimesikia. Akasema kusikia nilisikia hata nikiwa na miaka kumi na tisa. Hilo lilikuwa kofi langu, na nililistahili.

Simu ikalia. Mwenzangu alikuwa ameshikwa na wasiwasi: ngano inangoja, yeye ana pakiti mpya aliyoweka akiba, aifungue au asiifungue? Mama akauliza ni nani anayepiga kelele hivyo. Nikamweleza. Akajifunga leso, akachukua kikombe mwenyewe, akasema twende.

Kwa mwenzangu alikataa kuingia katika chumba cha sufuria. Alikaa kwenye kiti mlangoni, akasalimiwa na mke wa mwenyeji, akapewa chai, akaonja na kusema majani yalichelewa kuchumwa, na alikuwa sahihi. Mwenzangu aliiamsha chachu ya pakiti kwa maji ya vuguvugu ndani ya glasi, akaileta pamoja na kikombe cha bati, akanikabidhi vyote viwili nichague, kama tulivyozoea. Nikainusa ya kwanza, sikusikia kitu. Nikainusa ya pili, vivyo hivyo. Pua yangu, ile yenye cheti, ilikuwa imeziba kwa kulia.

Nikampelekea mama. Sikuwa na la kufanya. Alifumba macho. Alianza na glasi, akaitoa, akairudia.

"Hii ni safi," akasema. "Lakini haijui chochote bado."

Akachukua kikombe. Alikaa nacho muda mrefu hata mwenzangu akaanza kuhama mguu hadi mguu.

"Hii imeamka. Mtie hii. Lakini si yote, bakisha."

Tulitia hiyo, tukabakisha. Jua lilipokuwa linashuka nyuma ya mikaratusi ya shamba la chai, mrija wa mtungi ulikuwa umeanza kutoa mapovu. Mama alisikia ile sauti kutoka mlangoni akainua kichwa, na nadhani kwa nukta moja alikuwa mtoto aliyetumwa kuangalia chungu. Hakuonja bia ile ilipokuwa tayari, na hataonja yoyote. Ameokoka, na ana sababu zake zaidi ya kuokoka.

Alipokuja tena, mwezi wa kumi na mbili, mkobani mwake mlikuwa na kibuyu cha pili. Alikuwa amekisugua mwenyewe kwa kaa la senetwet, na shingoni amekifunga kamba nyekundu. Cha kamba nyekundu ni cha ngano yako, akasema, na cha zamani ni cha maziwa, na usije ukavichanganya. Moshi wa kibuyu hicho umeingia ndani ya chachu, pamoja na uchachu kidogo ambao hatujui ulikotoka. Bia ya sasa inaanza na karafuu, inamaliza na moshi na ukali wa mbali wa mursik. Mwenzangu alidhani tumeharibikiwa, mpaka aliposoma kwenye simu yake kwamba zamani kuna sehemu za Ujerumani walikopika bia ya ngano ya moshi yenye ukali kama huo. Nikamsimulia mama nilipomtembelea kwake.

"Basi na wao walikuwa na mama zao," akasema, akaendelea kukamua.

Siku hizi mwenzangu anaagiza chachu mpya za kujaribu, na mimi ndiye ninayechagua. Kwanza natafuta mayai mabovu, nikiyapata najua ni kungoja. Kisha natafuta tunda, kisha karafuu, kisha ganda la mkate. Nikimaliza hayo nafumba macho kama mama alivyofanya pale mlangoni, nanusa tena, mara moja ya mwisho, na hiyo si kwa ajili ya bia. Namtafuta baba. Nampenda bado, na kila mara naomba nisimpate.